Picha ya Mwezi Machi

Kaka yangu Rafaeli Hhando alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kulipwa mshahara kwa kuongea. Waongeaji tulikuwa nao tele, na shangazi zangu wangeweza kuongea kutoka Karatu hadi Mbulu bila kumeza mate, lakini hao walifanya kazi hiyo bure. Rafaeli alipewa ofisi, meza, simu iliyofanya kazi siku ilizopenda yenyewe, na kibao mlangoni: AFISA UHUSIANO. Baada ya miaka michache kibao kikaongezwa neno, akawa AFISA UHUSIANO MWANDAMIZI, na shingo nayo ikarefuka kidogo.

Mwajiri wake alikuwa Shirika la Maziwa na Nafaka la Nyanda za Kaskazini, kwa kifupi SHIMANAKA. Makao makuu yalikuwa Dar es Salaam, na tawi kubwa lilikuwa kwetu Karatu, kwenye nyumba za mlowezi mmoja aliyekwisha kuondoka. Rafaeli alianza kazi mwaka 1974, moja kwa moja kutoka kwenye mafunzo yake ya Dar. Aliteremka kwenye basi akiwa na tai shingoni. Ilitoka Dar ikiwa ya bluu, na vumbi letu likaifikisha nyumbani ikiwa na rangi ya tofali. Mama yetu, Scholastika, akaishika, akauliza kamba ile ni ya kumfungia nani. Rafaeli akasema ni ya kazi. Mama akasema kazi ya kufungwa shingo aiangalie vizuri.

Mimi ni mdogo wake, Evarista, mwalimu wa shule ya msingi huko Ganako. Naandika haya kwa sababu watu wanamsimulia kaka yangu vibaya, hasa wakishakunywa. Wanasema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na maringo, na hivyo ni vitu viwili tofauti ingawa mara nyingi hukaa nyumba moja.

Kazi yake ilikuwa kueleza. Trekta la Shirika lilipokatika breki na kwenda kulala katikati ya maharage ya Marseli, mkulima wa Kansay, Rafaeli aliandika kwamba Shirika limefanya majaribio ya kilimo cha kina. Sukari ilipopotea na wafanyakazi wakaanza kunung'unika, tangazo likabandikwa ukutani: sukari haijaadimika, ila imepungua kuonekana. Mpaka wa Kenya ulipofungwa na hoteli za juu ya kreta zikabaki na wahudumu wanaotazamana, yeye aliuita msimu ule msimu wa utulivu. Kuna mara aliwapeleka wafadhili chini Ngorongoro, wakakaa asubuhi nzima wakimtazama simba aliyelala chali bila hata kujigeuza. Kaka yangu akawaambia kwa Kiingereza safi kwamba simba wa Tanzania ni wapenda amani. Wazungu wale wakaandika.

Lakini nimefanya naye kazi zote za nyumbani tangu utoto, na naweza kuapa kwamba tangu avae ile tai sikumsikia akisema "nimekosa". Aliyehusika daima lilikuwa Shirika, na Shirika lenyewe halikukosa, lilisikitika. "Shirika linasikitika," ndivyo ilivyoanza kila karatasi yake. Ugonjwa huo ukamfuata mpaka nyumbani. Alichelewa harusi ya binamu yetu, mama akamwuliza kulikoni, akajibu kwamba kulitokea mgongano wa ratiba. Mama akamtazama kichwani mpaka miguuni akitafuta alipoumia.

Sasa niende kwenye kalenda.

Mwishoni mwa mwaka 1980 Shirika lilikuwa linamalizia kujenga kiwanda cha maziwa hapo Karatu, kwa msaada wa wafadhili, kifunguliwe mwaka uliofuata. Maziwa yangetoka kwa akina mama wa Kansay, Ganako na vijiji vya jirani, ambao tayari walikuwa wanaliuzia Shirika. Nasema akina mama kwa sababu huku kwetu ng'ombe ni wa baba lakini maziwa ni ya mama, na mwanamume anayeingiza mkono kwenye kibuyu cha mkewe anatafuta maneno. Rafaeli akapata wazo la kutoa kalenda ya rangi, itundikwe kwenye kila wizara na kila ofisi ya wafadhili. Meneja wa tawi, Bwana Wilibrodi, alilifurahia mno. Akamdokeza kwamba makao makuu wanatafuta Mkurugenzi wa Uhusiano, na kwamba kalenda nzuri inaweza kumpeleka mtu Dar es Salaam. Kuanzia siku hiyo kaka yangu alianza kulalamikia baridi ya Karatu, baridi aliyozaliwa nayo.

Alimleta mpiga picha kutoka Arusha, wakazunguka. Walipata ng'ombe, walipata ngano, walipata kichuguu chenye swala juu yake. Kilichokosekana ni picha ya mwezi Machi, ambayo Rafaeli alikwisha kuitungia maneno: MAZIWA NI UHAI. Wakiwa Kansay wakasikia kwamba Germana, mke wa yule Marseli wa maharage, amejifungua.

Kwetu mzazi hukaa ndani. Anakunywa uji wenye siagi, anapumzika, mwili unarudi. Mwanamume yeyote haingii. Mwenye nyumba mwenyewe anahamia kwingine, na akileta kuni anasimama nje ya mlango na kubisha hodi kama mgeni. Rafaeli aliyajua haya. Nilipozaliwa mimi, yeye na baba walilala kwa jirani, na baba alikuwa akisimulia jinsi Rafaeli alivyolia akitaka kurudi kwa mama na bado hakuruhusiwa. Lakini siku ile alikuwa na tai, na kwa akili yake aliyekuwa anaingia mle ndani hakuwa Rafaeli. Lilikuwa Shirika.

Akasukuma mlango. Mpiga picha akawa nyuma yake, taa ya kamera ikawaka, basi. Germana alikuwa amekaa kitandani, nywele hazijachanwa, blanketi limeanguka bega moja, kibuyu kiko mdomoni, na mtoto amelala ubavuni. Hakupata hata nafasi ya kukitua kibuyu. Rafaeli akamwambia, "Shirika linakushukuru kwa ushirikiano," wakatoka.

Marseli alikwenda ofisini kulalamika. Kaka yangu akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba Shirika limeyapokea maoni yake. Marseli aliniambia kwamba alitoka pale akijisikia vizuri kabisa, na alifika nusu ya njia ya Kansay kabla hajagundua kwamba hakuna alichoambiwa. Hapo ndipo utajua kaka yangu alikuwa fundi.

Januari kalenda zikafika. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, karatasi inateleza na ng'ombe wanang'aa kuliko walivyo. Moja ikatundikwa kwenye kituo cha kupokelea maziwa cha Kansay ili kuwatia moyo wauzaji. Huenda Rafaeli alidhani itakaa Januari mpaka Januari iishe. Kalenda inayotundikwa mahali penye akina mama haikai Januari hata nusu saa. Wakafunua Februari, wakafunua Machi, na hapo palikuwa na Germana kitandani, kibuyu mdomoni.

Mwanamume akimvunjia mzazi heshima huku kwetu, anayedai si mume wake. Wanadai wanawake wote. Wanakusanyika kwenye mteremko ulio wazi, wanakaa majanini, kila mmoja na fimbo yake, na wanaume siku hiyo huzunguka kwa njia ya mbali. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe hukumbuka kwamba ana shughuli upande mwingine. Mimi nilikwenda na fimbo yangu kama wengine, nikiwa na hofu, kwa sababu mkubwa wa kikao kile kwa umri alikuwa mama yetu. Nilidhani atajitoa, akae pembeni na kujifunika uso.

Mama akasimama. "Aliyekosa ni mwanangu," akasema. "Nilimzaa ndani ya nyumba, na hakuna aliyeingia kunitazama. Mnaanza ninyi au nianze mimi?"

Walianza wao kumsema, mwenyewe hayupo, na walipomaliza Rafaeli hakubaki na mahali pa kushika. Kisha mama akamwuliza Germana anataka nini. Germana ni mwanamke wa maneno machache, na siku ile alikuwa na mtoto mgongoni na macho ya kulia.

"Fahali mweusi mtamtoza, ndiyo desturi," akasema. "Lakini fahali ataliwa aishe, na mimi bado nitakuwa nimetundikwa kwa watu nisiowajua. Nataka na yeye apigwe picha. Kitandani, na blanketi, na kibuyu. Aiweke kwenye kalenda ijayo, mwezi uleule, iende kulekule ilikokwenda ya kwangu."

Bibi mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na baada ya hapo tulicheka wote mpaka fimbo zikatuanguka. Lakini hukumu ilikuwa hukumu. Fahali, na picha. Mpaka Rafaeli akubali, hakuna tone la maziwa litakaloingia kwenye gari la Shirika.

Kesho yake gari la maziwa lilizunguka vijiji vyote na kurudi Karatu likigonganisha madumu matupu. Rafaeli akatoa tangazo: Shirika linasikitika kuwaarifu kwamba uzalishaji umepungua kutokana na hali ya hewa. Akina mama wakaniita niwasomee. Wakasikiliza kwa makini, wakashukuru, na siku iliyofuata wakawaachia ndama wanyonye mbele ya macho ya dereva. Ndama wa Kansay walinenepa mwezi ule hawajapata kunenepa vile.

Bwana Wilibrodi, ambaye alikuwa mtu wa Bukoba na aliamini kila tatizo lina fungu lake, akaagiza anunuliwe fahali mweusi kwa fedha za Shirika. Alikuwa fahali wa kutisha. Wakampakia kwenye lori, na Rafaeli mwenyewe akampeleka Kansay, tai imenyooka. Akina mama wakamzunguka yule mnyama na kumsifu.

"Huyu ni wa nani?" mama akauliza.

"Ni wa Shirika, Aayo." Ndivyo tulivyomwita mama kwa Kiiraqw, na hata na tai yake hakuacha.

"Shirika lina mama?"

Rafaeli akaishika tai yake.

"Nauliza, kwa sababu aliyekosa hutolewa fahali na nyumba yake. Kama Shirika ndilo lililokosa, tuonyeshe nyumba lilikozaliwa, tukazungumze na mama yake. Atatuelewa."

Fahali akarudi Karatu kwa lori lilelile. Nasikia alifurahia safari.

Jumapili ile Rafaeli alikuja nyumbani. Nilikuwapo. Mama akamkaribisha vizuri, akamwuliza habari za kazi, akaweka chai mezani. Ilikuwa chai ya rangi, nyeusi kama usiku, na bila sukari kwa kuwa sukari ilikuwa imepungua kuonekana. Kaka yangu aliipenda chai ya maziwa ya mama kuliko alivyoipenda dini. Akaitazama, akanitazama mimi, mimi nikatazama kuku.

"Aayo, ng'ombe wamekauka?"

"Hawajakauka."

"Basi maziwa?"

"Yako. Hayaendi kwa Shirika."

"Mimi si Shirika, Aayo. Mimi ni Rafaeli."

"Ah," mama akasema, na akavuta kigoda akakaa karibu naye. "Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Rafaeli, ulipoingia kwa Germana, aliyesukuma mlango ni nani?"

Katika maneno yote aliyokuwa nayo kaka yangu, na alikuwa nayo mengi, halikumfaa hata moja. Akanywa chai ile chungu yote, akaaga, akaenda zake. Nilimwonea huruma na nilitamani kumpiga, vyote kwa pamoja.

Meneja ndiye aliyemsukuma. Siku ya ufunguzi ilikuwa inakaribia, mgeni rasmi ameshatajwa, wafadhili wameshawekewa vyumba juu kwenye ukingo wa kreta. "Ndugu Hhando," Bwana Wilibrodi akamwambia, "kiwanda hiki kikifunguliwa kikavu, wewe utakwenda kuanzisha uhusiano Loliondo, na utaanza na fisi." Rafaeli akakubali apigwe picha. Alikubali upesi mno, na uso wake ukawa na ule utulivu ninaoujua tangu tukiwa watoto. Alikuwa amefanya hesabu kwamba picha iliyopigwa bado si picha iliyochapwa, na kwamba kalenda ijayo iko mbali.

Akina mama nao si watoto. Wakauliza, maziwa tukirudisha leo na kalenda ni Desemba, nani anatuthibitishia?

"Mimi," mama akasema. "Picha isipotoka, msiniite tena kwenye kikao. Na nikifa, asije hata mmoja wenu kunililia."

Huo si mzaha kwetu. Mwanamke asiyeliliwa na wenzake ni kama hakuwahi kukaa kijijini. Kisha mama akaenda zizini, akamfungua fahali mweusi aliyeachwa na baba, fahali pekee tuliyekuwa naye, akamkabidhi kwa wenzake. Hakulia. Alirudi nyumbani akashinda akiwagombeza kuku bila kosa lolote.

Picha ilipigwa nyumbani kwetu, kwenye kitanda cha mama. Mpiga picha yuleyule aliitwa kutoka Arusha, akasimamishwa uani akisubiri kama mtuhumiwa. Wanawake walijaa mpaka nje. Rafaeli aliomba abaki na tai chini ya blanketi, haitaonekana. Mama akasema, "Vua." Akavua tai, akavua shati, akabaki na fulana yenye tundu kwapani. Wakamfunika blanketi, wakalishusha bega moja, wakamvuruga nywele. Yule bibi mcheshi alitaka alale kidogo ubavu ili apumzike vizuri, maana uzazi unachosha. Wakampa kibuyu cha uji wenye siagi. Kwa mtoto wakamwekea mto uliofungwa kanga, na kila mwanamke aliyepita aliusifia kwamba umefanana na baba yake. Vicheko vilikuwa vinatikisa bati. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nilipomtazama kaka yangu usoni nikaacha. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye anajaribu kuyaeleza kwamba ni moshi.

Kilichobaki ni Germana aje kuona kama picha inatosha. Akaja na mtoto wake mgongoni. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka, hakuna aliyekuwa akibisha. Yeye akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Rafaeli alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, na siagi imemgandia juu ya mdomo.

"Hodi," Germana akarudia, bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima.

"Karibu," kaka yangu akasema. Akakishusha kibuyu, akasema tena, "Karibu, Germana. Karibu ndani."

Hapo ndipo mpiga picha alipoitwa.

Maziwa yalirudi kesho yake. Kiwanda kikafunguliwa kwa ngoma na hotuba, mgeni rasmi akanywa glasi mbele ya watu na kubaki na masharubu meupe, na Rafaeli akatoa taarifa kwamba uhusiano kati ya Shirika na wazalishaji umefikia hatua mpya. Angalau hiyo haikuwa uongo. Nyumbani, hata hivyo, kila Jumapili chai yake iliendelea kuwa ya rangi. Mama hakumsema wala hakumkumbusha. Alitumiminia sisi wote maziwa, na akifika kwenye kikombe cha Rafaeli anakipita.

Oktoba ile simu ya ofisini ikaamua kufanya kazi. Dar es Salaam walikuwa wanampigia: kiti cha Mkurugenzi wa Uhusiano ni chake, aanze Januari, nyumba iko Upanga na gari liko tayari. Bwana Wilibrodi akampongeza, akafunga mlango, akamwambia neno moja tu, kwamba ile picha ya fulana isitoke. Machi iwekwe kiwanda. Mkurugenzi hawezi kutundikwa wizarani akiwa kitandani na kibuyu.

Rafaeli alikuja kwangu Ganako siku ile jioni, akanieleza yote akizunguka chumba changu kama ng'ombe aliyefungiwa. Alisema angemwelewesha mama. Alisema angemjengea nyumba ya bati jipya. Alisema picha ile angeweza kuitengeneza kubwa, akampelekea Germana binafsi, kwa heshima zote.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. "Mama ameweka rehani kilio chake kwa ajili yako," nikamwambia. "Ukienda Upanga na mama yako azikwe na kuku, hiyo nayo utaiandikia tangazo? Utasema Shirika linasikitika?"

Alichukua koti lake akaondoka, na kwa wiki nyingi hakuja Ganako wala nyumbani. Nilisikia kwamba yuko Arusha kwenye uchapaji. Nilisikia pia kwamba ameshonesha suti mbili nyepesi, za nchi ya joto. Mama akaniuliza kama nimemwona, nikasema ana kazi nyingi. Akina mama wenzake, bila kutaka, wakaanza kumtazama kwa upole fulani ambao yeye aliuchukia sana.

Desemba, ukungu ukiwa umelala mpaka kwenye mahindi, Rafaeli akaingia uani amebeba boksi begani. Mimi na mama tulikuwa tunapukuchua maharage. Akaliweka boksi chini, akatoa kalenda moja, akampa mama kwa mikono miwili, kisha akarudi akasimama mlangoni. Hakuingia. Hakuwa na tai.

Mama hajui kusoma, lakini ana adabu na vitu, na hakurukia Machi. Akaanza Januari: ng'ombe. Akawatazama taratibu, akasema wa katikati ana ugonjwa. Februari: ngano. Nilitaka kumnyang'anya. Akalamba kidole, akafunua.

Alikuwa yeye. Fulana, tundu, blanketi bega moja, nywele zimesimama, siagi mdomoni, na ule mto wa kanga ubavuni. Alikuwa mkubwa ukurasa mzima na rangi zote zilitoka vizuri. Mama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye maandishi ya chini.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nilitegemea kitu cha kaka yangu, jambo lenye "kudumisha" na "ushirikiano" ndani yake. Nikasoma. Ikabidi nirudie kusoma: "Huyu ni Rafaeli Hhando. Mwaka jana aliingia kwa mzazi bila kubisha hodi. Amekosa."

"Amekosa?" mama akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hakuna Shirika?"

Nikageuza ukurasa mbele na nyuma. "Hakuna."

"Na hii imekwenda wapi?"

"Kote, Aayo," Rafaeli akasema kutoka mlangoni. "Wizarani, kwa wafadhili, Dar. Iko ukutani kwa Mkurugenzi Mkuu. Wamenipigia tayari. Kile kiti wamempa mtu mwingine." Akacheka kidogo. "Wamesema Shirika linasikitika."

Mama akafunga kalenda na kuipangusa maharage yaliyoiangukia. Alikuwa analia, wala hakusingizia moshi. Akamwambia boksi lile lianzie kwa Germana, kisha kituo cha maziwa, na moja ibaki kwake, ataitundika mwenyewe. Rafaeli akasema sawa, na akaendelea kusimama palepale nje ya kizingiti, mikono nyuma.

"Unangoja nini?" mama akauliza.

"Hodi," kaka yangu akasema.

"Karibu," mama akamjibu. Akanituma nimletee kikombe, akaenda mwenyewe kuchukua kibuyu cha maziwa.